Kuni za Msiba Usiokuwepo

Ninyi mliobaki pale chuoni mmeniomba niwaandikie historia ya idara. Historia ya idara iko kwenye faili la kijani, kabati la pili, na inachosha. Mimi nitaandika jinsi tulivyofika mahali ambapo mama muuza maharage wa Heru Juu analala kitandani akilalamikia tumbo lisilomuuma, na kijana wa mwaka wa pili anatokwa jasho mbele yake. Nani alipanda cheo mwaka gani, hamtayaona humu. Mkiyataka, waulizeni wenyewe. Watawaeleza hata kabla hamjamaliza swali.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nilipopangiwa kazi Kibondo, mama yangu aliuliza kama huko kuna watu au ni mbuga ya wanyama. Nilimwambia wapo watu, ingawa sikuwa na hakika. Nilifika na sanduku la bati na viatu vyeupe vya uuguzi, na hivyo viatu ndivyo vilikuwa kosa langu la kwanza. Udongo wa Kibondo ni mwekundu, na mvua yake haiulizi umesomea wapi. Nilianza kazi Jumatatu. Hadi Jumatano viatu vilikuwa na rangi ya tofali, na vikabaki hivyo mpaka vilipotoboka.

Wodini wauguzi wote tuliitwa Sista. Kwa kuwa mimi nilikuwa Sista na nilijifunga hijabu, wazee waliotoka vijijini waliamini kuwa mimi ni mtawa wa shirika fulani ambalo bado halijafika kwao. Mmoja aliniomba nimsalie rozari. Nilimwombea dua, akapona, sikuona sababu ya kumsahihisha.

Aliyenifundisha kazi, kazi hasa, ni Sista Perpetua. Alikuwa mkunga, Muha wa hapohapo Kibondo, mwanamke mfupi mwenye saa iliyobanwa kifuani na sauti isiyopanda hata jengo likiungua. Siku yangu ya kwanza nilikaa mezani, nikamwita mama wa kwanza kwenye foleni, nikatayarisha kalamu na kumuuliza, "Habari, mama. Unaumwa nini?" Yule mama alimtazama Sista Perpetua kama vile nimemuuliza atakufa lini. Sista Perpetua akanyoosha mkono, akaichukua kalamu yangu.

"Umemsalimia?" akaniuliza.

"Nimemsalimia. Nimesema habari."

"Hiyo ni salamu ya watu wanaopishana njiani."

Akainama, akagonganisha viganja taratibu, akasema kwa Kiha, "Mwakeye." Kisha akaanza. Nyumbani, watoto, mume, mama mkwe, mihogo, mvua ya juzi, ng'ombe aliyezaa. Mimi nilikuwa nikiitazama foleni na kuhesabu vichwa. Mwishowe yule mama akasema mguu unamuuma. Sista Perpetua akautazama mguu, akampa maelekezo, akaendelea kukunja mashuka bila haraka. Mama akaaga, akafika mlangoni, akasimama pale akiwa ametugeuzia mgongo. Ndipo akasema kwamba, kwa kweli, anatokwa damu tangu mwezi uandame.

"Umeona?" Sista Perpetua aliniambia baada ya kumrudisha na kumlaza. "Mguu ulikuwa hodi tu. Ugonjwa wenyewe alikuwa bado kuuleta."

Kalamu yangu alinirudishia wiki iliyofuata.

Miaka mingi baadaye, Sista Perpetua akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nilihamishiwa Kasulu kufundisha. Chuo kilikuwa na madarasa manne, bomba moja la maji lenye tabia zake, na Bibi Mpira. Wengi wenu mmemkuta stoo. Alikuwa sanamu wa mazoezi aliyeletwa ndani ya boksi, na kabla sijafika darasa moja lilikuwa limemng'oa mkono wa kushoto likijifunza kuweka dripu. Wanafunzi walimpenda sana Bibi Mpira. Haulizi. Halii. Hajawahi kumwambia mtu, "Sijaelewa, rudia." Walifaulu mbele yake kwa alama za juu, kisha nikawapeleka wodini wakawa kama watu waliotupwa mtoni bila kujua kuogelea.

Nilijaribu kuwafanya waigizane wenyewe kwa wenyewe. Balaa. Mmoja analala, mwenzake anamuuliza ameanza kuharisha lini, wote wanacheka mpaka kitanda kinalia. Halafu siku moja ya mnada nikaona watu wamekusanyika karibu na wauza mitumba. Kikundi cha kinamama kilikuwa kinaigiza habari za vyandarua. Mwanamke mmoja amejichora sharubu kwa mkaa, ni mume mlevi aliyekigeuza chandarua kuwa wavu wa kukingia kuku. Aliyumba vizuri kiasi kwamba bibi mmoja katika watazamaji alimfokea arudi nyumbani akawaangalie watoto. Nilimngoja akinawa uso kwenye ndoo.

"Unaweza kuigiza ugonjwa?" nikamuuliza.

"Upi, Mwalimu? Mimi nimeshaugua yote isipokuwa ya wanaume."

Huyo ndiye Gaudensia, Mama Stella, mgonjwa wetu wa kuigiza wa kwanza.

Vifaa vyetu mnavijua, lakini hamjui vilikotoka. Pazia lilikuwa shuka la wodi. Kengele ni ya baiskeli ya mlinzi wa zamani, tuliifungua baiskeli ilipokufa. Ikilia mara moja, mwanafunzi anaingia; dakika saba zikiisha inalia tena, anatoka. Na kadi ya mgonjwa ina sehemu tatu: atakayosema mwenyewe, atakayosema akiulizwa, na atakayosema ikiwa tu amesalimiwa kama mtu. Wageni wakija kukagua huniuliza ile sehemu ya tatu nimeitoa kitabu gani. Nimeitoa Kibondo, kwa mwanamke aliyeninyang'anya kalamu.

Wanafunzi walianza kuwaita kina Gaudensia wagonjwa feki. Gaudensia akawajibu kuwa ugonjwa ni feki, lakini aibu anayoona wakimfunua bila kumwambia ni ya kweli. Hilo lilikuwa la maana kuliko mihadhara yangu ya mwaka mzima. Kila kengele ikilia alimwambia mwanafunzi alivyojisikia, kwa sentensi moja. "Wewe uliniangalia kama gunia." "Wewe mikono yako baridi, lakini ulinitahadharisha." Kuna binti alilia kwa furaha kwa sababu aliambiwa, "Kwako ningerudi."

Baadaye tulifanya mazoezi pia kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na huko nikampata Papa Musafiri, Mkongomani aliyewahi kuigiza kwao. Papa Musafiri hakuwa na uwezo wa kuumwa kidogo. Kadi ikisema kikohozi, yeye alianguka sakafuni. "Docteur, mie niko nakufa! Mwambie bibi yangu nilikuwa namupenda!" Nilimwambia, Papa, ni kikohozi cha siku tatu. Akanijibu kwa masikitiko kwamba mimi sina roho ya théâtre. Tulimpa kadi za kifafa na degedege, akatulia.

Sasa nifike kwa Lameck.

Lameck alikuwa mtoto wa Kumsenga, kule Kibondo, mwaka wake wa mwisho wa utabibu, kichwa chepesi kuliko wote niliowafundisha. Dozi za watoto alizikokotoa akiwa anatembea. Akaenda mafunzo kwa vitendo kwenye kituo kimoja cha afya, akarudi wiki sita baadaye akiwa amekonda, akaniomba nafasi ya kuzungumza. Mfukoni mwa shati alikuwa na barua ya kuacha chuo.

"Mwalimu, mimi hii kazi basi. Nitakwenda kuuza vocha na simu, huko nikikosea hafi mtu."

"Umemuua nani?"

"Hakuna." Akaishika ile barua. "Kuna mtoto alifia mikononi mwangu asubuhi. Malaria kali, alikuja amechelewa, tulifanya yote. Mama yake alikuwa kwenye benchi nje. Nikaambiwa nikamwambie. Nikatoka, nikampita. Nikarudi, nikampita. Mara tatu, Mwalimu. Nikashindwa. Mwisho akaambiwa na mtu wa usafi aliyekuja kuuliza mwili unapelekwa wapi."

Sikumfokea. Nilikuwa nawaza kwamba kwa miaka yote hiyo tulikuwa na kadi za kuhara, kuvimba miguu na uchungu wa kujifungua, lakini kadi ya kumwambia mtu habari mbaya hatukuwa nayo. Kosa lile lilikuwa langu kabla ya kuwa lake. Nilimwomba abaki na barua yake kwa wiki mbili tu.

Nikaandika kadi mpya: mama amekaa nje, mwanawe Amosi, miaka minne, amefariki, mwanafunzi anakuja kumwambia. Nikampa Gaudensia. Aliisoma mara mbili, akasema ataifanya lakini hajui kulia mbele ya watu bila sababu. Kuyumba anajua, kulia hajui. Nikamwambia, nenda kajaribu nyumbani.

Hiyo ndiyo sentensi ya kijinga kuliko zote nilizowahi kutamka kazini, na nimetamka nyingi.

Ulikuwa msimu wa maharage, mchana, kijiji chake cha Heru Juu chote kiko shambani. Gaudensia akaenda nyuma ya nyumba yake, akaanza kwa aibu, kidogo kidogo. Kisha, kama alivyonieleza baadaye, kilio kikamshika chenyewe. Akalia kwa sauti, "Amosi wangu! Mwanangu Amosi!" Mlio wa namna hiyo kule hauulizwi. Ukiusikia unaweka jembe chini. Jirani wa kwanza alifika mbio, Gaudensia akajaribu kumweleza, yule akamkumbatia kwa nguvu na kumwambia, "Lia, mama, usijizuie." Akajaribu kumweleza wa pili. Wa pili alikuwa analia kuliko yeye.

Ndani ya saa moja ua ulijaa. Wanawake walikuja na mizigo ya kuni, unga wa muhogo, maharage, sufuria kubwa. Wanaume walikaa upande wao wakijadili wapi pachimbwe. Bodaboda alitumwa shuleni kwa Stella, akarudi naye nyuma, mzima, anatafuna muwa, na hapo ndipo watu walipoanza kutazamana. Kama mtoto wa Gaudensia ni Stella, na Stella huyu hapa, Amosi ni nani? Mume wa Gaudensia, Baba Stella, mtu mpole sana, alifika na jembe begani, akasimama katikati ya ua na kuuliza kwa sauti ndogo, "Mama Stella, Amosi ni mtoto wa nani?"

Gaudensia akasema ukweli. Nadhani ilikuwa nafuu kumwamini kuliko kutomwamini, maana Baba Stella alikaa chini na kufuta jasho. Lakini wengine walikasirika, na walikuwa na haki. Wameacha kupanda. Wamelia machozi ya kweli. Na aliyekasirika zaidi hakuwa mwanamume wala mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa Bibi Anastazia, jirani wa ng'ambo ya njia, mwanamke mzee aliyezika mume na watoto wawili.

Asubuhi yake mkuu wa chuo aliniita. Mwenyekiti alikuwa amepiga simu: Mwalimu aende Heru Juu akaeleze kwa nini anawafundisha watu kukichezea kifo. Mkuu aliniambia, "Hadija, ukirudi na malalamiko ya maandishi, maigizo haya yamekwisha. Bibi Mpira hajawahi kuniletea kijiji kizima mezani." Nilijua hatanii. Nikamwita Lameck twende wote. Sikuwa na hoja ya kuwaeleza wale watu isipokuwa yeye.

Tulipanda bodaboda mbili. Ua wa Gaudensia ulikuwa bado na watu, na kuni zilikuwa palepale zilipowekwa, rundo la kufika kiunoni. Hakuna aliyekuwa amerudi kuchukua zake. Nilisalimia kama nilivyofundishwa Kibondo, bila kuruka hata ng'ombe. Kisha nikaomba radhi. Nikasema kosa ni langu, si la Mama Stella.

Bibi Anastazia alikuwa amekaa kwenye kigoda. "Mwalimu, wewe umesoma," akasema. "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Sisi wa mbali tumeingia. Mfiwa yuko wapi?"

Nikazitazama zile kuni.

"Kilio kimetoka na hakina mwenyewe. Kitakwenda kwa nani? Kuni hizi nani azirudishe kwake? Mimi zangu sizirudishi. Kuni za msiba hazipikii uji wa nyumbani."

Sijui kama hilo ni la Waha wote au ni la Bibi Anastazia peke yake. Sikuwahi kulisikia kwingine, na siku ile haikuwa siku ya kufanya utafiti. Nikamweleza zoezi letu ni la nini. Nikasema kuna vijana wanaojua dawa zote lakini hawajui kumwambia mama kwamba mwanawe amekufa, na mama analipata neno hilo vibaya, na linabaki vibaya maisha yake yote. Nataka wakosee mbele ya Mama Stella kabla hawajakosea mbele ya mfiwa.

Bibi akamtazama Lameck. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Basi afanye. Tuone."

Gaudensia akakaa kwenye benchi la mbele ya nyumba. Watu wakasogea. Lameck akatoka upande wa jikoni akiwa amevaa koti lake jeupe, akasimama mbele ya Gaudensia, akafungua mdomo. "Mama, kuhusu mtoto, sisi kama watoa huduma tulijitahidi…"

"Kaa," Bibi Anastazia akasema.

"Bibi?"

"Kaa chini! Unaniletea kifo umesimama, unataka kukimbia?"

Akakaa kando ya Gaudensia. Mwanamke mwingine akadakia: mbona hajamuuliza amekuja na nani? Neno hilo halipokelewi na mtu mmoja, aitwe wa kumshika. Mwingine akasema, "Mtoto ana jina, sema jina." Wa nne: "Na neno lenyewe ulitamke. Usimzungushe mama wa watu." Mimi nilikuwa nimetoa daftari, naandika kila neno. Nimehudhuria semina nyingi zenye chai na vitafunio. Sikuwahi kupata somo kama lile.

"Anza tena," akasema Bibi.

Lameck akaanza. Alisalimia. Aliuliza amekuja na nani. Jirani akaja kukaa ubavuni mwa Gaudensia. Akasema, "Mama, ni kuhusu Amosi." Hapo akakwama. Nilimwona anashika kifua, palepale ilipokuwa ile barua. Gaudensia alikuwa anamngoja, macho yake hayako kwenye maigizo tena.

"Siwezi," Lameck akasema, na akaanza kulia. "Mimi nimeshamkimbia mama mmoja. Wa kweli. Mtoto wake amekufa, nimempita kwenye benchi mara tatu. Hakuitwa Amosi."

Bibi Anastazia akainuka kwenye kigoda chake, akavuka ua polepole kwa fimbo, nikadhani anakwenda kumpiga. Akakaa kwenye benchi upande wa pili wa Lameck, akamshika shingoni kama mtu anavyomshika mjukuu. "Yoo, mwanangu," akasema. "Kumbe mfiwa yupo." Na akalia. Akalia yeye kwanza, kisha Gaudensia, kisha wengine wote, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuna aliyemjua pale isipokuwa kijana mmoja. Mimi pia nililia, daftari likalowa, ndiyo maana ukurasa ule wa miongozo yenu ya kwanza ulikuwa na madoa. Mliwahi kuniuliza kama ni chai.

Walipotulia, Bibi akajifuta kwa kanga. "Mama huyo anakaa wapi?"

"Makere," Lameck akasema.

"Kuni ziende Makere."

Haikuwa rahisi kama alivyoitamka. Nilipiga simu kituoni, nikaomba ruhusa, nikamtuma mhudumu wa afya wa kijiji akamuulize mama mwenyewe kama yuko tayari kutuona, maana ana haki ya kutotaka. Siku ya tatu jibu lilikuja: waje. Tulikodi gari dogo la mizigo. Kuni nyuma, unga, maharage, Gaudensia na Bibi Anastazia mbele na dereva. Mimi na Lameck tulikaa juu ya kuni.

Mama yule alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia. Alitoa kigoda kwa ajili ya Lameck. Lameck akakiweka pembeni, akakaa kwenye mkeka. Akasalimia. Nilimwona akipitia nyumba, watoto, mashamba, na kwa mara ya kwanza hakuwa anasoma orodha kichwani. Akamuuliza ni nani angependa awepo. Akaitwa dada yake. Kisha Lameck akasema:

"Mama, ni kuhusu Baraka. Baraka alikufa asubuhi ile, kabla jua halijafika dirishani. Mimi nilikuwepo. Hakuwa peke yake. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilitakiwa kuja kukwambia, nikaogopa. Nisamehe."

Halafu akanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote, na alilifanya.

Mama aliutazama mkeka kwa muda mrefu. "Nilikuwa nakuona ukipita," akasema. "Nilijua. Nilikuwa naomba usisimame."

Nje, Bibi Anastazia na wanawake wa pale walikuwa wanashusha kuni, nasikia zikigongana. Hakuna aliyeuliza ni za nani.

"Ulimshika mkono upi?" mama akauliza.

Lameck akanyoosha mkono wake, akaonyesha. "Wa kulia. Huu wangu ndio ulikuwa umeshika wake."

Mama akauchukua mkono ule wa Lameck, akauweka mapajani pake, akaufunika kwa mikono yake miwili. Ndipo akalia. Tulikaa mpaka chai ikaiva kwa kuni zile, na Lameck hakuuondoa mkono wake hata kufukuza nzi.

Malalamiko ya maandishi hayakuja chuoni. Ilikuja barua nyingine, imeandikwa na mwenyekiti kwa niaba ya Bibi Anastazia, ikitaka kujua lini atafuatwa na gari kuja kuwasahihisha wanafunzi. Alikuja kila muhula mpaka miguu ilipomkatalia, na wanafunzi walimwogopa kuliko mtihani wa taifa. Orodha mnayoitumia, inayoanza na neno "Kaa", ni yake. Gaudensia anaendelea, ila kulia anafanyia darasani, milango imefungwa, na mwenyekiti anapewa taarifa siku moja kabla. Baba Stella bado humtania kuhusu Amosi. Lameck anaongoza zahanati huko kwao Kibondo. Ile barua ya kuacha chuo sikuiona tena, na mimi si mtu wa kufuatilia barua za watu.

Siku yangu ya mwisho kazini mlinitafuta kwa ajili ya keki, mkanikosa. Nilikuwa nyuma ya pazia. Binti wa mwaka wa pili, mgeni kabisa, jina lake sikulijua, alikuwa na ile kadi. Aliingia, akasalimia kwa viganja, akavuta kigoda, akakaa. "Mama, umekuja na nani?" Akasema jina la mtoto. Akalitamka neno. Akanyamaza. Gaudensia akaanza kulia, na binti akabaki pale, mkono wake karibu na mkono wa Gaudensia, hauvamii, upo tu.

Dakika saba zikapita. Niliitazama saa, nikaitazama kengele mkononi mwangu. Gaudensia alikuwa hajamaliza kulia, na binti hakuonyesha dalili ya kunyanyuka. Nikaiweka kengele mfukoni.

Mpaka leo iko huku kwangu, juu ya kabati. Najua mmenunua ya umeme. Lakini mkiitaka ile ya zamani, njooni muichukue. Nitawafungulia mlango, nitawauliza habari za nyumbani kwenu, na msiniombe kengele kabla hamjakaa.